MUULIZENI MZEE MWENYEWE
Malezi ya wazee wetu nyumbani na katika makao

(Muhadhara uliotolewa kwa vijana wa Kiislamu Kitale, na ukarudiwa Bungoma, katika mwezi wa Ramadhan. Tumeuacha karibu kama ulivyosemwa.)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka siku ya Kiyama. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, dada zangu, na wazazi wetu mlioketi huko nyuma. Nimetakiwa nizungumze juu ya uuguzi wa wazee. Kazi yangu ni uuguzi, kwa hivyo mtanisamehe nikitaja mambo ya vidonda na ya choo mbele yenu. Dini yetu haioni haya katika kufundisha.

Pengine mwenzangu unajiuliza, mada hii na Ramadhan wapi na wapi? Si tuzungumze funga, taraweh na Laylatul Qadr? Haya, sikiliza. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akaitikia Amin mara tatu. Alipoulizwa, akaeleza kuwa Jibril (A.S.) alimjia na dua juu ya watu watatu. Mmoja ni yule aliyeifikia Ramadhan ikamwisha asisamehewe. Mwingine ni yule aliyesikia Mtume ametajwa asimswalie. Na mwingine ni yule aliyewadiriki wazazi wake katika uzee, wawili au mmoja wao, na wasiwe sababu ya yeye kuingia Peponi.

Sasa ona jinsi Ramadhan na uzee wa wazazi zilivyowekwa katika dua moja. Mtu anafunga mwezi mzima, safu ya mbele taraweh hakosi, na huku mamake amelalia shuka iliyolowa tangu daku katika chumba cha nyuma. Huyo ajihofie sana. Amin mbili zinamhusu.

WAZEE WETU WAKO WAPI?

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wa miaka 60 na zaidi kama milioni 2.7, kati ya watu milioni 47.6. Hao ni watu wengi, na wengine wako hapa kwetu, mtaa kwa mtaa.

Hali ya Kitale ina jambo lake. Mji huu ulikuzwa na mashamba ya walowezi, na reli ilipofika mwaka 1926 watu wakaja kutoka kila upande kutafuta riziki: wapishi, madereva, mafundi cherehani, wachuuzi, vibarua wa mahindi. Wengine walikuja wakaoa, wakazaa, wakazeekea hapa. Ukoo wao uko mbali, na wengine hata njia ya kurudi kwao wameisahau. Mzee wa namna hiyo majirani anao lakini ukoo hana.

Bungoma ni kinyume. Kule mzee yuko kwenye shamba la babake, makaburi ya wazee wake anayaona akiwa mlangoni. Lakini watoto wako Nairobi, Mombasa, Saudia na Qatar. Pesa inakuja kwa simu mwisho wa mwezi, mtu haji. Mzee huyo ardhi anayo ila watu hana.

Ndiyo maana siku hizi, kila mahali vijana wanapokaa, swali hili linazuka: je, na sisi Waislamu tujenge nyumba ya wazee? Mmoja anasema hiyo ni aibu, ni mambo ya wazungu, Muislamu hamtupi mzazi wake. Mwingine anasema, wewe unasema hivyo kwa sababu si wewe unayemwosha.

Wote wawili wana lao la kweli. Kabla ya kujibu swali hilo, tuulize jingine lililo kubwa zaidi: malezi mazuri ya mzee ni yapi? Kwa sababu mzee anaweza kutupwa ndani ya nyumba ya mtoto wake mwenyewe, na anaweza kuheshimiwa mahali asipo na ndugu hata mmoja.

NYUMBA ZA WAZEE ZIPO

Tusidhani nyumba hizi ziko Ulaya tu. Nairobi kuna Nyumba ya Wazee ya Kasarani, inayoendeshwa na masista wa Kikatoliki. Kuna Mji wa Huruma, ulio chini ya kaunti. Kule Thogoto, Kiambu, wenzetu wa PCEA wana makao yao ya wazee. Na Zanzibar, visiwa vya Waislamu, kuna nyumba za wazee Sebleni na Welezo kule Unguja, na Limbani kule Pemba. Zaidi ya hapo, mwaka 2016 Zanzibar ilianza kumlipa pensheni kila mzee wa miaka 70 na zaidi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Kwa hiyo anayesema jambo hili halijulikani kwa Waislamu hajavuka bahari.

Na hao wazungu wenyewe, walianza vibaya. Marekani nyumba nyingi za wazee ziliendeshwa kama hospitali, au tuseme kama bohari. Mzee anaamshwa saa moja na wenzake wote, anaoshwa kwa foleni, analishwa kwa haraka, na akisumbua anafungwa kamba kwenye kiti. Kelele zikazidi mpaka mwaka 1987 ikapitishwa sheria kwamba nyumba ya wazee ni lazima iangalie ubora wa maisha ya kila mkaazi, iheshimu haki zake, na isimfunge mtu kamba kwa ajili ya kumrahisishia mhudumu kazi.

Hata kabla ya sheria hiyo, wanasaikolojia wawili, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha mwaka 1976 utafiti walioufanya katika nyumba moja ya wazee jimbo la Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa: mambo yenu ni yenu, chumba chako kipange utakavyo, na kila mmoja achague mche wake autunze mwenyewe. Wazee wa ghorofa nyingine wakaambiwa: ninyi tulieni, wauguzi watawafanyia kila kitu, hata mche wenu watawamwagilia wao. Baada ya wiki tatu, wale walioachiwa kuamua walikuwa wachangamfu zaidi kuliko wale waliofanyiwa kila kitu. Mnaona? Mche mdogo tu, na ruhusa ya kusema nataka hivi, sitaki hivi.

Mwaka 1991 daktari mmoja, Bill Thomas, alikuwa akihudumu katika nyumba ya wazee ya Chase Memorial, jimbo la New York. Dawa zilikuwepo, vitanda vilikuwa safi, lakini wazee macho yao yamezimika. Akasema wanaumwa na maradhi matatu yasiyo na sindano: upweke, kutojiweza kuamua lolote, na uchovu wa kukaa bila la kufanya. Akaleta ndege mia moja, paka wanne, mbwa wawili, miti, bustani ya mboga, na watoto wawe wakiingia na kutoka. Mbwa tuwaachie wenyewe! Lakini paka, ndugu zangu, tunao sahaba mtukufu aliyeitwa kwa jina la paka, Abu Hurayra (R.A.). Na kuku, mboga na watoto, nyumba gani ya Bungoma haina? Dawa aliyoitafuta daktari yule kwa taabu sisi tunayo uani. Tatizo ni kwamba tumemfungia mzee ndani asiione.

Leo wataalamu wanayaita haya malezi yanayomweka mkaazi katikati. Maana yake ni nyepesi: ratiba imfuate mtu, mtu asiburutwe na ratiba.

SISI TULIFUNDISHWA ZAMANI

Mwaka wa 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa, Abu Bakr (R.A.) alimleta babake, Abu Quhafa, mbele ya Mtume (S.A.W.). Alikuwa mzee sana, kipofu, kichwa cheupe pepe. Mtume akamwambia Abu Bakr kuwa angemwacha mzee nyumbani kwake, yeye Mtume amfuate huko. Fikirini! Siku ya ushindi mkubwa kabisa, kiongozi wa umma anasema mimi ndiye wa kumwendea mzee. Sisi tuna mkutano wa vijana kila Jumapili, na mzee aliye nyumba ya tatu kutoka msikitini hatujui kama amekula.

Sayyidna Umar (R.A.) alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba barabarani, akamwondolea kodi na akaamuru apewe posho kutoka Baitul Mal. Dini ya mzee yule haikumzuia kumsaidia. Kwa hivyo ninaposema wazee wetu, nawakusudia na majirani zetu wasiokuwa Waislamu.

Na katika Suratul Israa, aya ya 23 na 24, Allah (S.W.) ametukataza hata ile sauti ndogo ya kuonyesha tumechoshwa na wazazi wetu wanapozeeka kwetu. Ninyi mnaijua sauti hiyo. Hutoka pale nyanya anapouliza swali moja mara ya sita. Tena imetajwa uzee hapo hapo, kwa sababu Mola wetu anajua kuwa huko ndiko subira inakopimwa.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Sasa tuingie kazini.

Kwanza, muulize. Usimvalishe kabla ya kumuuliza anataka kanzu gani. Usimpe uji kila siku kwa kuwa wewe umeona uji ni rahisi. Muulize anapenda kuoga asubuhi au jioni, anapenda kulala taa ikiwaka au imezimwa. Muite kwa jina lake la heshima. Kwa Mbukusu ni kukhu au kuka, kwa wengine ni nyanya, bibi, babu. Mzee wa Kibukusu muulize ni wa rika gani, Nyange au Maina, uone atakavyokaa wima. Usimseme mbele yake kana kwamba hayupo: "Huyu leo amesumbua." Masikio anayo.

Pili, mwili wake. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, maana vidonda vya kulalia huanza kwa wekundu mdogo kwenye makalio, nyonga na visigino. Kwa ngozi yetu nyeusi huo wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo shika: pakiwa na joto, pagumu au panamuuma, ndipo hapo. Mkaushe vizuri, shuka isiwe na mikunjo, mpe maji mara kwa mara hata kama hajaomba, kwa sababu kiu ya mzee hupungua. Umlishe akiwa ameketi, kidogo kidogo, asije akapaliwa. Na kama haoni vizuri, usiseme ni uzee tu. Huenda ni mtoto wa jicho, na hilo linatibika. Hospitali ya macho ya Sabatia, kule Vihiga, si mbali na sisi.

Tatu, stara yake. Mzee hakuacha kuwa na haya. Funga mlango, mfunike, fungua sehemu unayoosha tu. Baba aoshwe na mwanamume na mama aoshwe na mwanamke kila inapowezekana. Na hapa nawaambia ninyi wavulana: kumwosha baba si kazi ya mke wako. Babako ni babako, na Pepo inayotafutwa ni yako.

Nne, ibada yake. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza sahaba mgonjwa, Imran bin Husayn (R.A.), aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Basi mletee maji ya kutawadha au udongo wa kutayamamu, mwelekeze kibla, mkumbushe wakati. Wazee wengi huacha swala si kwa kutaka. Hakuna aliyewaletea maji.

Na funga je? Mzee asiyeweza tena kufunga, Qur'an imempa nafasi ya fidya, alishe maskini kwa kila siku. Anas bin Malik (R.A.) alipozeeka alifanya hivyo hivyo. Lakini mzee wetu aliyefunga miaka 60 hakubali kirahisi. Ana sukari, ana presha, na anasema atakufa akiwa amefunga. Usimnyang'anye kikombe wala usimgombeze kama mtoto. Kabla Ramadhan haijaingia mpeleke kwa daktari, kisha kwa shekhe anayemwamini, na yeye mwenyewe awepo wakati wa mazungumzo. Fidya yake aipime kwa mkono wake. Wakati wa kufuturu aketi mkekani pamoja nanyi, tende ya kwanza agawe yeye. Amekosa funga, asikose Ramadhan.

Tano, akili yake. Kuna ugonjwa wa kusahau. Mzee anapotea njia ya nyumbani, anamwita mjukuu kwa jina la nduguye aliyekufa, anatoka usiku, anasema ameibiwa. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi wala si laana. Hii kauli siitoi hivi hivi. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, kina mama wanne wazee waliuawa kwa kuchomwa moto wakidaiwa ni wachawi. Sisi tusije tukafika huko. Mzee akitangatanga usiku, mpeleke hospitali kabla maneno ya mtaani hayajamfikia. Na asiyejitambua tena, kalamu imeinuliwa kwake, haandikiwi dhambi ya swala wala funga. Usibishane naye. Akimuuliza mamake aliyekufa zamani, mwambie akusimulie mamake alikuwaje.

Sita, mali yake. Tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii umewahusu wazee wa miaka 70 na zaidi, Sh 2,000 kwa mwezi. Sasa kuna vijana siku ya malipo ndio wanakumbuka kuwa wana nyanya. Anasindikizwa benki kama malkia, na jioni anabaki na mia mbili. Hizo ni zake, aamue yeye. Na tukumbuke kuwa zaka yako huwezi kumpa mamako. Kumtunza ni wajibu wako, na wajibu haulipwi kwa zaka.

ANAYEMTUNZA NAYE ATUNZWE

Katika kila nyumba yenye mgonjwa mzee kuna mtu mmoja, aghlabu mwanamke, ambaye hajalala vizuri kwa miaka. Ni binti aliyeacha shule, au mke wa mwana. Sisi tunampa sifa: "Allah atakulipa." Amin, atamlipa, lakini na wewe umpe usiku mmoja alale. Chukua zamu. Mliomo mbali mkitumana pesa, tumeni na ya huyo anayeamka usiku.

Nalo hili mlitafakari. Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba Julai 2021 wa wahudumu wa afya wetu kwenda kufanya kazi kule. Vijana wa huku wanasomea kutunza wazee, wanajifunza kumgeuza mzee, kumstiri, kumuuliza anataka chai au kahawa. Ni kazi ya halali na ya heshima, simzuii mtu. Lakini itakuwa ajabu gani tukijua kumuuliza mzee wa Manchester anataka nini, na kukhu wetu wa Kimilili hatujawahi kumuuliza!

TUJENGE AU TUSIJENGE?

Sasa narudi kwenye swali letu. Jibu langu ni hili. Mwenye watoto wanaoweza, nyumba yake ya wazee ni kwa watoto wake, na kumpeleka kwingine ili tupumue ni kukimbia amana. Katiba yetu ya 2010 nayo, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia yake na ya serikali. Familia imetajwa kwanza.

Lakini yule asiye na mtu je? Yule ambaye ukoo wake uko mbali na mke ametangulia? Yule ambaye ugonjwa wake umezidi uwezo wa nyumba? Kumwacha afe peke yake chumbani kwa kuogopa neno aibu, hiyo ndiyo aibu yenyewe. Kwake yeye makao mazuri ni rehma, na kuyajenga ni fardhi kifaya. Wachache wakitekeleza, wengine wamepona. Wote wakiacha, wote tuna dhambi.

Ila tusianze na mawe na saruji. Tuanze na daftari. Kila msikiti, Kitale na Bungoma, uandike wazee wake: nani anaishi peke yake, nani haoni, nani hajatoka nje tangu Idi iliyopita. Kisha vijana wawili wawili, wa kike kwa bibi na wa kiume kwa babu, wapewe mzee mmoja kila kundi. Wapeleke futari, wakae wale naye, si kuacha sahani mlangoni. Wauguzi wetu wa hospitali za kaunti watufundishe kumgeuza mgonjwa, haichukui zaidi ya Jumamosi moja. Siku tutakapojenga, tutakuwa tayari tunawajua wazee wenyewe, na tutawauliza wao mlango uelekee wapi, jiko liwe karibu vipi, na adhana isikike kutoka upande gani.

Kazi ya kwanza ni leo, baada ya taraweh. Nenda kwa mzee mmoja. Keti chini kuliko yeye. Muulize swali moja tu: "Unataka nini nikufanyie?" Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Wape afya walio hai, waghufirie waliotangulia, na utupe sisi uzee wenye imani na wenye watu. Takabali funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.